Hiyo mashine haijui siri yako

"Bwana yako akipata ile kintu, umeisha!" Msusi wangu wa Birere, Goma, alisema hivyo huku simu yenye video ikipita mkono kwa mkono saluni: kijana aliyepooza anacheza sataranji kwenye kompyuta bila kugusa chochote, kwa mashine inayopokea umeme wa ubongo wake. Tulicheka wote, ila woga ulikuwemo.

Watu wanaamini mashine inasoma mawazo. Umeme wa ubongo ukipimwa juu ya ngozi ya kichwa unahesabiwa kwa sehemu za milioni za volti, na betri ndogo ya redio ina volti 1.5. Ni sawa na kusikiliza soko la Kituku ukiwa ndani ya boti ziwani: utajua samaki wamefika, bei waliyopatana mama wawili hutaisikia. Mashine inatafuta alama chache ilizofundishwa. Mgonjwa anajaribu kusogeza mkono uliopooza, tena na tena, hadi programu itambue jaribio hilo na kusogeza mshale kwenye skrini. Hata mwaka 2023, mwanamke wa Marekani asiyeweza tena kusema vizuri alipofikia maneno 62 kwa dakika kupitia vipokezi vilivyowekwa ndani ya ubongo, alikuwa anajitahidi kuyatamka. Siri za nyumbani hazimo katika somo hilo.

Eti ni uvumbuzi wa Elon Musk, yule tajiri wa Marekani? Matt Nagle, aliyepooza shingo kwenda chini, aliwekewa elektrodi 96 (vipokezi vidogo vya umeme) ndani ya ubongo mwaka 2004 akaendesha kompyuta na televisheni. Kampuni ya Musk ilimfikia mgonjwa wake wa kwanza mwaka 2024.

Wala si lazima fuvu litobolewe. Hans Berger, daktari Mjerumani, alirekodi umeme wa ubongo wa binadamu tangu 1924, na leo kuna kofia za elektrodi zinazopakwa jeli. Hazitii umeme kichwani, zinasikiliza tu. Taabu yake ni nywele zetu: elektrodi inataka kugusa ngozi, na nywele nzito za kipilipili zinaisukuma juu. Jambo hili limewanyima watu weusi nafasi katika tafiti nyingi, na kwangu ndilo la kulalamikia kuliko mahubiri kwamba mashine hii ni 666, alama ya mnyama. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon, Marekani, walibuni vibanio vinavyokaa katikati ya mistari iliyosukwa.

Nilimweleza msusi: ukisuka mistari, kofia inasikia vizuri zaidi.

Mikono ikasimama. "Basi leo nakusuka rasta," akasema, akavuta kiti.