Mawese hayatibu homa ya nguruwe

"Mwanangu daktari, mimi mbona nawawekea mawese kila siku?" Mama mmoja wa Mbalizi, saa 12 asubuhi, nguruwe wake watatu wana joto la 41 na masikio yamepiga zambarau. Mawese tena! Mwezi huu ni mara ya nne.

Kinachonikera ni kwamba habari hii, kuwa mawese hutibu homa ya nguruwe, ina mzizi wa kweli. Kirusi cha homa ya nguruwe ya Afrika kimevaa koti la mafuta, na asidi za mafuta za mnyororo wa kati, hasa lauriki, pamoja na monolaurini inayotengenezwa kwa lauriki hiyo, hulipasua. Maabara wameliona hilo, sibishi.

Ila mawese hayana lauriki ya kutajika. Yale mekundu ya nyama ya chikichi yamejaa asidi nyingine, palmitiki na oleiki. Lauriki imo kwenye mise, mafuta ya kokwa ya chikichi hiyohiyo, na kwenye nazi: karibu nusu ya mafuta yake. Mtu wa Kyela ana mchikichi uani, anakamua upande usiohusika! Na hata ukiwapa mise, lauriki humo imefungwa tatutatu kwenye gliserini, kiungo kinachoshika asidi za mafuta pamoja. Ikiwa imefungwa hivyo haikigusi kirusi. "Si tumbo litaifungua?" Litaifungua, kisha sehemu kubwa mwili utaichoma kama kuni. Kirusi chenyewe kimeshajificha ndani ya seli za kinga.

Kilichopimwa vizuri ni kuchanganya vitu hivi kwenye chakula chenye kirusi, kabla hakijaliwa. Hapo makali ya kirusi yanapungua. Kufunga dirisha moja si kumtibu mgonjwa.

Na hata dirisha hilo silitegemei sana. Chembe za kirusi hiki zikitoka kwenye seli iliyopasuka bila koti la nje, bado zinaambukiza. Sasa dawa ya kuvua koti itamvua nini aliye uchi?

Nikamuuliza mama mawese anayachanganya na nini. Na makombo, akasema, ya baa ya kitimoto. Unayachemsha? Kimya. Kirusi hiki kikiwamo humo, kwenye nyuzi 60 hakimalizi dakika 20, na kuni anazo.

Nimemwambia asiuze, asichinje, na asikanyage banda la jirani mpaka nifike na wenzangu wa halmashauri.

"Na haya mawese yaliyobaki?"

Apikie maharage.