Ua la shaba halijamwahidi mtu kitu

"Prof, tuanze kuchimba wapi?"

Aliyeniuliza ni kijana wa pikipiki aliyenipeleka Jumamosi kwenye kilima kimoja upande wa barabara ya Likasi, hapa kwetu Katanga, Kongo. Mkononi alishika Haumaniastrum katangense, ua la shaba, kaing'oa na mizizi yake, akiamini linapoota ndipo madini yalipo chini. Ni mara ya nne mwaka huu naulizwa hivyo. Wa tatu alikuwa mtu mwenye digrii, kwa hiyo kijana simlaumu sana.

Nilimwambia aketi kivulini anywe maji. Kivuli chenyewe kilikuwa mbali, maana kilima kile hakina miti. Na hapo nimalize jambo la pili linalonichosha: si makala, yaani uchomaji wa mkaa, yaliyokinyoa. Udongo wa vilima hivi unaweza kuwa na shaba zaidi ya miligramu 10,000 kwa kilo, na mizizi ya miti ya miombo haistahimili. Miombo inapanda kutoka bondeni, inafika mahali, inasimama. Basi. Tafadhali msituletee miche ya mikaratusi.

Tulikuwa tumeanza kupanda saa kumi na mbili asubuhi, nyasi zikiwa na umande. Kwale wawili waliruka miguuni pangu nikapiga kelele kama mtoto. Juu, kwenye miamba ya RSC (roches siliceuses cellulaires), ile yenye vitundu vitundu kama mkate uliokauka, kifutu alikuwa ameshajilaza anaota jua, tukamzunguka kwa adabu zote. Mwamba ule ni kazi ya vijidudu vya bahari ya kina kifupi iliyokuwa hapa zaidi ya miaka milioni 700 iliyopita. Ukiangalia vizuri unaona tabaka zao, nyembamba kama kurasa. Kijana alitafuta malakiti, lile jiwe la kijani lenye shaba, akapata kipande cha ukubwa wa kidole, akafurahi kuliko mimi.

Sasa ua. Ni ndugu wa mrihani, huishi msimu mmoja tu, na huchanua mvua zikielekea kwisha. Watu wanaliita ua la shaba na jina si la uongo: linavumilia shaba ambayo mahindi yako hayawezi. Lakini kuvumilia si kunusa. Mizizi yake ni mifupi. Inachojua ni udongo wa juu, viganja vichache tu. Mita hamsini chini kuwe na madini au kuwe na udongo mtupu, mmea hauna habari. Tena unapenda udongo uliovurugwa: njia za watu, kingo za mashimo, mahali palipomwagwa taka. Kuna vilima vyenye shaba ya kweli ambako utalitafuta mpaka jioni.

Anayebisha aende Penga Penga, hapa hapa Lubumbashi. Ua linaota huko, na shaba yake haikutoka chini. Ilitoka juu, kwenye bomba la moshi la kiwanda cha kuyeyusha shaba, miaka na miaka, pepo za kiangazi zikiusukuma upande ule. Chimba Penga Penga utapata kisima cha jirani.

Kinachoniudhi zaidi ni kwamba kwa kukimbilia shimo, watu wanakanyaga habari nzuri kuliko ya shimo. Mahali ambapo wazee walaji wa shaba, yaani wafua shaba wa kale, waliyeyusha madini kwa tanuru za udongo wa kichuguu, ardhi ilibaki na sumu hadi leo, na ua hili limeweka makazi hapo. Wataalamu wa mambo ya kale wamelifuata wakapata mabaki ya uyeyushaji wa karne nyingi zilizopita. Kwa hiyo ukiona duara la maua kwenye tambarare, inama kwanza. Tafuta mavi ya shaba, yaani masalia ya uyeyushaji, na vipande vya mirija ya udongo ya kupulizia moto. Huenda umesimama jikoni kwa babu.

Hata mimi nina yangu ninayoyaficha darasani. Kwa nini linaishi hapa? Wengine wanasema linaihitaji shaba, wengine kwamba shaba inaliepusha tu na kuvu na majirani wenye nguvu. Nimebadilisha upande mara mbili. Na zile namba kubwa za shaba ndani ya majani, nilizozisomesha kwa kujiamini miaka mingi? Sehemu yake ilikuwa vumbi. Majani hayakuoshwa vizuri kabla ya kupimwa. Wanafunzi wangu wa zamani, mnisamehe.

Tulishuka saa tisa. Kijana alichomeka ua lake kwenye kioo cha pikipiki, akaniuliza kama kule juu, kwenye miamba, pengine… Nilimwambia awashe injini. Nyumbani niliosha majani niliyobeba, maji matatu, kabla hata ya kugusa bukari, ugali wetu. Chini ya beseni kulibaki mchanga mwembamba wa kijani.