Je, franga ya pansio inakaa wapi ikikungoja uzeeke?

Papa mudogo amefanya kazi hapa Lubumbashi miaka mingi, na kwenye karatasi yake ya mshahara kila mwezi kulikuwa kamstari ka makato ya pansio. Miaka yote nilijua ile franga inawekwa mahali kwa jina lake, inamngoja. Wengi bado wanajua hivyo, njo maana pansio ikija kidogo utasikia "wameshamkulia yake". Wizi unaweza kuwepo, lakini hata kusipokuwa na mwizi hata mmoja, ile franga haiko kwa sanduku, haijawahi kukaa huko.

Chukua likelemba, ule mchango wa kupeana kwa zamu. Wamama kumi wa soko, kila mmoja anatoa 10,000, leo mama wa makala anabeba 100,000 yote anaenda. Ukiuliza yako ya mwezi uliopita iko wapi, ilishageuka magunia ya makala. Unabaki na zamu tu, na neno la wale tisa kwamba siku yako nao watatoa. Pansio ya CNSS, mfuko wa serikali wa pansio hapa Congo (zamani INSS, ya tangu 1961), inaenda hivyo kwa sehemu kubwa: mfanyakazi anakatwa 5%, patro anaongeza 5%, na inatoka kulipa wazee wa leo. Ila kwa likelemba mnajuana wote kumi, huku watakaokulipa wewe bado wako masomo, na mtu akitoka kazini anaacha kutoa. Mwaka 2003 Gécamines, kampuni ya serikali ya migodi, peke yake iliachisha watu kama 10,000. Wanaochimba kwa mikono na wanaouza barabarani, wengi hawajawahi kutoa.

Basi kila mtu awe na sanduku lake? Chile walifanya hivyo 1981, halafu 2008 serikali ikabidi iongeze pansio ya wazee maskini, maana aliyefanya kazi vipande vipande sanduku lake lilikuwa karibu tupu. Na sisi huku tuliona kitu kingine: 1993 zaire (pesa yetu ya zamani) milioni 3 ziligeuka zaire mpya 1, kisha 1998 zaire mpya 100,000 zikageuka franga 1. Hesabu mwenyewe, zaire bilioni 300 za zamani kwa franga moja! Sanduku gani la noti lingepona? Likelemba angalau inalipwa na mshahara wa leo, bora tu pansio yenyewe ipandishwe kila bei zikipanda.

Papa mudogo zile karatasi zake amezifunga kwa sashe, ziko chini ya godoro, hataki mtoto azishike. Zamani niliona ni mapapier tu ya kizee. Kumbe njo zamu yake yenyewe, mwezi kwa mwezi.