Kuzungumzia kifo si uchuro: ufafanuzi kuhusu vikundi vya wafiwa

Malalamiko yanayofika kwenye dawati letu la ushauri nasaha kuhusu vikundi vya wafiwa ni ya aina mbili: kwamba kuzungumzia kifo ni uchuro, na kwamba siri za watu zinavuja.

La uchuro tumeshalijibu hadi tumechoka. Hakuna aliyekufa kwa sababu kifo kilitajwa. Hata kumuuliza mtu aliyeelemewa kama anawaza kujiua hakumpandikizii wazo hilo.

La siri ni zito. Kila kikao huanza kwa wanakikundi kukubali kanuni ya siri kwa mdomo, wakongwe kwa wageni. Uliyoyasema mwenyewe unaweza kuyasimulia nje. Ya mwenzako hapana, hata ukificha jina. Anayekiuka huitwa faragha na mwezeshaji. Akirudia husimamishwa, na harudi mpaka yule aliyetolewa siri aridhie. Mara ya tatu anaondolewa. Siri haitunzwi pale tu mtu anapokuwa hatarini kujidhuru au kumdhuru mwingine: hapo mwezeshaji atawaarifu wahudumu wa afya, na inapowezekana mhusika ataambiwa kwanza.

Wapo pia wanaowapangia wenzao ratiba ya majonzi. "Huyu bado yuko kwenye hasira, hajafika kwenye kukubali." Maneno hayo yanatoka kwenye hatua tano (kukana, hasira, kujadiliana, huzuni na kukubali) ambazo daktari wa magonjwa ya akili Elisabeth Kübler-Ross alizieleza mwaka 1969 baada ya kuzungumza na wagonjwa waliokaribia kufa, si wafiwa. Mwaka 1999 watafiti wa majonzi Margaret Stroebe na Henk Schut walieleza kwamba mfiwa huenda na kurudi: mara amezama kwenye msiba, mara anashughulikia maisha yanayoendelea. Kwa hiyo akicheka kikaoni, msimkodolee macho. Na ndugu mnaotaka mtu apelekwe hospitali wiki ya tatu kwa kuwa bado analia, tafadhali: mwongozo wa magonjwa wa Shirika la Afya Duniani, ICD-11, hauhesabu huzuni kuwa ugonjwa kabla ya miezi 6, na hata hapo ni lazima iwe imepita kiasi cha desturi za jamii yake na kumkwamisha kimaisha.

Wawezeshaji wapya, boksi la tishu likae mahali ambapo kila mtu analifikia. Ukimsukumia anayelia, anaelewa kwamba anatakiwa kunyamaza, naye hufuta macho haraka na kuomba radhi. "Jikaze" nayo hufanya kazi hiyohiyo.

Malalamiko yaanzie kwa mwezeshaji, kisha yaletwe kwetu kwa maandishi. Yasiyo na tarehe ya kikao hatuwezi kuyashughulikia.