Wakikupigia kelele "autsaidi", usikimbilie ufukweni

Lugha ya wateleza mawimbini imejaa mbwembwe, na mgeni anayejifunzia kwenye video huokota mbwembwe kwanza. Anafika ufukweni akijua kunyoosha kidole gumba na kidole cha mwisho, ile salamu ya Hawaii inayoitwa "shaka", lakini hajui maneno atakayopigiwa kelele akiwa ndani ya maji. Mimi hufundisha kinyumenyume: maneno ya kelele mwanzo, mapambo baadaye.

Tuanze na "autsaidi". Mwenye Kiingereza kidogo hudhani anaambiwa atoke, basi anageuza ubao kuelekea nchi kavu. Sivyo. Mtu ameona mawimbi makubwa yanakuja kutoka upande wa kilindini, naye anawatahadharisha wenzake. Mawimbi hayaji kwa mpango wa moja moja. Huja makundi makundi, na kila kundi huitwa "seti". Baina ya seti na seti bahari hutulia kidogo, na utulivu huo ndio unaomdanganya mgeni. Ukisikia kelele hiyo, lala juu ya ubao, piga mikono uelekee baharini, uyavuke mawimbi kabla hayajavunjika. Anayerudi nyuma hukutwa palepale yanapoangukia.

La pili ni "dropini", na hili ndilo linaloleta ugomvi. Mahali watu wanapokaa juu ya mbao wakisubiri wimbi huitwa "lainapu". Ukipaona unaweza kudhani kila mtu anajichukulia tu, kumbe pana sheria: aliye karibu zaidi na kilele, pale wimbi linapoanza kuvunjika, ndiye mwenye wimbi. Wengine wanaliacha. Ukiingia mbele yake, umefanya dropini. Watakufokea, na wana haki, maana chini ya ubao kuna mapezi yanayoweza kuchana ngozi, na yule anayekuja nyuma yako hana pa kukukwepea. Kisha kuna mjanja anayemzunguka mwenzake dakika ya mwisho ili awe yeye wa karibu na kilele. Huyo huitwa nyoka. Kwa maandishi ya sheria huenda asishikike, lakini kila mtu anamjua, na mimi binafsi namwona mbaya kuliko mgeni asiyejua.

Sasa kulia na kushoto. Mwalimu akisimama ufukweni akakwambia "hilo ni la kulia", wewe uliye naye ufukweni unaliona linakwenda kushoto. Hajakosea. Mwelekeo wa wimbi hutajwa kwa jicho la aliye juu yake, mgongo baharini na uso nchi kavu. Usichanganye jambo hili na "gufi", ambayo inahusu miguu: anayetanguliza mguu wa kulia ni gufi, anayetanguliza wa kushoto ni "regula". Hakuna aliye bora kati yao. Sukuma mtu kidogo mgongoni uone mguu upi anatupa mbele, mara nyingi ndio huo.

Mgeni mwenyewe anaitwa "kuki", na si neno la mapenzi. (Wanafunzi wangu husikia kuku, wanacheka, na dharau inapotea njiani.) Mtoto anayejifunza kwa bidii huitwa "gromu", na hilo lina upole. Dharau hiyo haikuwa na akili kila mara. Kamba ya mguuni inayokufunga na ubao wako ilipoanza kutumika California miaka ya 1970 mwanzoni, wakongwe waliicheka, wakaiita kamba ya makuki. Zile za mwanzo zilikuwa za mpira unaonyumbuka mno: mwaka 1971 ubao wa Jack O'Neill, mtu maarufu kwa nguo za kuogelea za mpira, ulivutwa ukamrudia, akapoteza jicho. Kamba za leo hazivutiki hivyo, na waliocheka wanazivaa. Nawe vaa, kisha ukipigwa mweleka funika kichwa kwa mikono, kwa sababu ubao haukuachi mbali.

Maneno ya upepo hayamsumbui mtu wa pwani. Wanachokiita "ofushoo", upepo utokao nchi kavu kwenda baharini, mvuvi anaujua kama umande. Huo husimamisha wimbi likawa safi, lisianguke mapema. Ghuba ya Malindi inapata mawimbi ya kuchezea kwa sababu mwamba umekatika hapo, kazi ya maji matamu na tope la Mto Sabaki, na msimu wake ni wa kusi. Lakini kusi lenyewe linavuma kutoka baharini na kuyavuruga mawimbi, kwa hiyo alfajiri ni bora kuliko mchana. Sehemu nyingine nyingi za pwani yetu mwamba huvunja wimbi huko nje, na maji yakipwa wakati wa bamvua unabaki na matumbawe makavu.

Mapambo, kwa haraka: "pipa" ni wimbi lililojikunja likawa na uwazi ndani, nawe unapita humo. "Kuning'iniza kumi" ni kutembea hadi ncha ya ubao mrefu na kutoa vidole vyote vya miguu nje ya ukingo; kwa ubao mfupi usijaribu.

Na vipimo. Hawaii wana desturi ya kulihesabu wimbi kama linavyoonekana kwa nyuma, hivyo idadi inayotajwa hukaribia nusu ya kimo kinachomkabili aliye mbele yake. Mtu aliyezoea huko akikwambia leo ni futi nne tu, muulize kwanza anapimia upande gani.