Alama ya > haingoji amri imalize

Juzi kijana amenijia Darajani na laptopu mkononi, hata kukaa hakutaka. Ana faili la karafuu za shamba la ukoo wao huko Wete, la msimu mzima: jina la mchumaji, siku, pishi alizoleta. Alitaka kupanga majina tu, akatumia sort, amri ya kupanga mistari, na alama ya kupeleka matokeo kwenye faili. Akaandika:

sort karafuu.txt > karafuu.txt

Faili likabaki na baiti 0. "Mwalimu, hii sort mbovu." Hapana, mwanangu. Sort ni nzima, ila haikukuta hata mstari mmoja wa kupanga.

Kesi hii naletewa kila mara, na kila anayeileta anaamini jambo lile lile: kwamba amri inafanya kazi kwanza, ikishapata jibu ndipo faili linafunguliwa na kuandikwa. Sivyo kabisa. Sheli, yaani programu inayopokea amri unazoandika, ikiiona alama ya >, hulifungua faili na kulifuta lote papo hapo, kisha ndiyo inaiita sort. Sort haijui hata kama kuna alama ya >. Asiyeamini na aandike amri isiyokuwepo:

hakunaamri > jaribu.txt

Sheli italalamika kwamba amri haipatikani. Sasa piga ls, uone orodha ya mafaili. Faili jaribu.txt lipo, tupu. Nani kaliunda, ikiwa amri yenyewe haipo? Sheli.

Wajanja hutanguliza cat, amri ya kusoma faili, na kuiunganisha na sort kwa paipu (alama ya |), yaani cat karafuu.txt | sort > karafuu.txt, wakadhani wamepona. Hiyo ni mbaya zaidi, maana faili dogo pengine litasalimika leo, ukazoea, kesho likaondoka. Andika sort -o karafuu.txt karafuu.txt, kwa sababu hapo sort yenyewe ndiyo inayoandika, na haianzi kuandika kabla ya kusoma yote. Kwa amri nyingine, peleka matokeo kwenye faili jipya, likague kwa macho yako, ndipo utumie mv kuliweka mahali pa lile la zamani. Na tafadhali, leo hii, tia set -o noclobber ndani ya .bashrc yako, faili la mipangilio ya sheli ya bash. Sheli itakataa kufuta kwa > faili lililokwishakuwepo, na siku ukikusudia kweli utaandika >|. Kwangu hakuna mwanafunzi anayeanza somo la pili bila mstari huo. Yule kijana aliokolewa na daftari la kupimia. Tulikaa naye mpaka laasiri, yeye anasoma, mimi naandika.

Dhana ya kwamba paipu husubiri amri ya kwanza imalize ina mzizi huo huo. Amri zote za paipu huanzishwa pamoja. Jaribu yes | head -n 5: yes hurudia mstari mmoja bila mwisho, head huchukua mitano ya kwanza tu; yes haimalizi, lakini utapata mistari mitano na kurudishiwa sheli yako. Kwenye Linux paipu hubeba kwa kawaida baiti 65,536; ikijaa, anayeandika husimamishwa mpaka msomaji apunguze.

Wengine huniambia: "Nimetumia sudo na bado nakatazwa." Sudo huipa amri mamlaka ya msimamizi. Ndiyo, unakatazwa, kwa sababu katika sudo echo ... > /etc/hosts aliyepewa mamlaka ni echo, amri ya kutoa maandishi, na anayefungua faili ni sheli yako, isiyo na mamlaka. Tumia echo ... | sudo tee -a /etc/hosts, ili tee, yenye mamlaka, ndiyo iandike faili; na usiisahau hiyo -a ya kuongezea mwishoni, la sivyo tee italifuta faili lote.

Na wanaoniambia "log (faili walimohifadhi matokeo ya amri) ni tupu, basi hakuna kosa": > peke yake huchukua mkondo namba 1, wa matokeo ya kawaida, na paipu vile vile. Makosa hupita namba 2. Andika > log.txt 2>&1, kwa mpangilio huo. Ukigeuza ukaandika 2>&1 > log.txt, makosa yatabaki kwenye skrini, kwani sheli huzisoma alama hizi kutoka kushoto, na ilipofika 2>&1 namba 1 ilikuwa bado inaelekea kwenye skrini.