Ulimpa Pesa kwa Mkono Wako, Lakini Bado Ni Jinai

Soko la Kibuye, Kisumu, mtu akitapeliwa huambiwa maneno yale yale: "Si ulimpa mwenyewe? Polisi watafanya nini? Hilo ni deni." Wengi huamini na kurudi nyumbani kimya. Si kweli, na imani hiyo inawafaa matapeli peke yao.

Kifungu cha 313 cha Kanuni ya Adhabu ya Kenya kinasema kujipatia mali ya mtu kwa uongo, kwa nia ya kumlaghai, ni jinai yenye kifungo cha hadi miaka 3. Wizi wa kawaida nao, kifungu cha 275, ni miaka 3 hiyo hiyo.

Utata uko kwenye aina ya uongo. Kifungu cha 312 kinataka uongo uhusu jambo lililopita au lililopo sasa. Dalali akikuonyesha ploti Njoro, akadai ni yake huku akijua hati aliyoshika ni ya kughushi, kifungu kinamhusu moja kwa moja. Lakini aliyekopa pesa za samaki Dunga akaahidi kulipa Ijumaa, kisha akashindwa? Hapo mara nyingi kweli ni deni, na Mahakama ya Madai Madogo husikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni 1.

Kwa hiyo ukiandikisha taarifa kituoni, anza na kile tapeli alichokuambia kipo, kabla ya alichoahidi. Usifute meseji za M-Pesa, na tafadhali usitoke bila namba ya OB, yaani ya kitabu cha matukio cha kituo.